Upawa Mmoja wa Maharage

Mapishi ya nyumbani ya Brazili nimejifunza vitabuni, na kilichonichelewesha zaidi ni kitenzi kimoja: refogar. Kamusi hukifasiri kuwa kukaanga kidogo. Basi nilikaanga kitunguu na kitunguu saumu, nikavimimina kwenye maharage meusi yaliyokwisha kuiva. Mafuta yakaelea, mchuzi ukabaki maji.

Vitabu hivi huandikiwa mtu aliyekulia jikoni humo. Dona Benta, kilichochapishwa São Paulo mwaka 1940, kilipewa jina la bibi wa hadithi za watoto za Monteiro Lobato, na jina hilo linafaa: bibi haelezi anachodhani umekiona. Vikombe na vijiko hutajwa. Namna mkono unavyokwenda haitajwi.

Nilielewa nilipoacha kamusi na kutumia neno la jikoni kwetu, kuunga. Maharage ya Brazili nayo huchemshwa kwanza, mara nyingi kwa presha kuka, kisha huungwa. Ila sisi huyamimina yote kwenye kitunguu na nyanya. Wao hukaanga kitunguu saumu kwenye kikaango pembeni, huchota upawa mmoja au pawa mbili za maharage na mchuzi wake, huyatia humo na kuyaponda kwa mwiko mpaka yawe rojo. Rojo hilo ndilo hurudishwa sufuriani.

Hapo ndipo kazi yote ilipo. Punje ikipondwa hutoa wanga, na wanga huo hushikamana na mafuta yaliyokwisha kubeba harufu ya kitunguu saumu. Ukirudi sufuriani, wanga huufanya mchuzi mzima uwe mzito na kuyazuia mafuta yasielee. Punje nyingine hubaki nzima. Kisha sufuria huachwa wazi, moto mdogo, chumvi ikionjwa mwishoni kwa sababu mchuzi unazidi kupungua.

Mbinu ni ileile kwa maharage meusi yanayopendwa Rio de Janeiro na kwa yale ya rangi ya maziwa yenye michirizi ya kahawia, yanayotawala São Paulo. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa ikiwepo, hukaangwa kwanza ili mafuta yake ndiyo yaunge.

Mara ya tatu niliinua upawa, mchuzi ukashuka taratibu na kuacha utando mgongoni mwake. Nikaupakua juu ya wali, nikanyunyizia farofa, unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi.