Insha ya Nafsi na Macho ya Mgeni

Katika insha zote atakiwazo mwanafunzi kuandika, hapana iliyo fupi kwa maneno na nzito kwa shughuli kama ile ya kujieleza mwenyewe mbele ya chuo kikuu cha ugenini. Vyuo vingi vya Marekani huiomba, na fomu itumiwayo na wengi wa waombaji huiwekea mpaka wa maneno 650. Tanzania haina desturi hiyo. Alama za mtihani wa kidato cha sita ndizo hasa zimpatiazo mtu nafasi. Kwa hiyo kijana wa Masasi au Newala, aliyezoea kupewa mada na mtahini, hujikuta lazima aichague mwenyewe, na hapo ndipo kosa huanza.

Kosa lenyewe ni kuchagua dhiki. Dhiki ipo, wala haipasi kufichwa. Uwanda wa Makonde ni mkavu, na vizazi vya wanawake wa Newala vimeshuka mabondeni na kupanda tena kwa ajili ya maji. Lakini insha isemayo ukosefu wa maji tu yaweza kuandikwa na mpita njia yeyote. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala, akakusanya vinyago na kunasa nyimbo, kisha mwaka 1908 akawatolea kitabu wasomaji wa kwao. Kitabu hicho kina faida kwa mwanahistoria, lakini ni kazi ya macho ya mgeni. Mwombaji ajitazamaye kwa macho hayo, ili amhuzunishe msomaji wa mbali, hujigeuza kinyago katika kabati la kioo: huonekana, hasikiki.

Na uchukuliwe mfano wa korosho. Novemba 2018 serikali ilitangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakangoja malipo kwa muda mrefu. Habari hiyo ni ya watu wote. Lakini kijana aliyemsomea babu yake stakabadhi ya ghala, akaulizwa, "Mjukuu wangu, karatasi hii yasema fedha zaja lini?" naye akakosa jibu, huyo anayo mada. Pana babu, pana hesabu, pana aibu ya msomi ambaye kusoma kwake hakukutosha. Dhiki itajulikana bila kupigiwa mbiu.

Yaweza kusemwa kwamba ada ni kubwa, nafasi ni chache, na maskini hana budi kutumia umaskini wake. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo umaskini una wenyewe wengi, na barua zao hufanana. Swali la babu yule lina mwenyewe mmoja.

Shaaban Robert, katika Maisha Yangu iliyotoka mwaka 1949, aliweka tenzi za kuwausia wanawe. Mtu hujulikana kwa kile atakacho kisipotee. Basi kijana wa uwandani na ajiulize, kabla ya kushika kalamu, kama mada yake ingeweza kuandikwa na jirani. Ikiwa yaweza, amwachie jirani.