Feuerbach na Mungu wa Wakristo: Je, Hoja Yake Inatuhusu?

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Wako wahubiri wetu, katika mihadhara ya kulinganisha dini, ambao huwataja wanafalsafa wa Ulaya kana kwamba ni mashahidi wa Uislamu. Hutajwa Hume, hutajwa Nietzsche aliyetangaza kifo cha Mungu katika kitabu chake cha mwaka 1882, na umati ukapiga takbira. Tumeona ni wajibu kulichunguza jambo hili, kwani mwenye kuazima upanga ni lazima aangalie kwanza una makali mangapi.

Tuchukue mfano wa Ludwig Feuerbach, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1804 na kufariki mwaka 1872. Alianza na masomo ya theolojia ya Kikristo, kisha akahamia falsafa na kusoma kwa Hegel mjini Berlin. Mwaka 1841 alitoa kitabu juu ya kiini cha Ukristo. Muhtasari wa dai lake ni kuwa mwanadamu huzichukua sifa zake bora, kama elimu, upendo na uadilifu, akaziondolea mipaka, akaziweka nje ya nafsi yake, kisha akaziabudu. Ushahidi wake mkubwa ni itikadi ya Mungu kufanyika mtu. Ikiwa Mungu amezaliwa, ameteseka na kufa, basi kwa mtazamo wake kanisa lenyewe limekiri kwamba kinachoabudiwa ni utu.

Hapa hoja yake ina nguvu, wala hatuna haja ya kuipinga. Surat Al-Ikhlas imekanusha uzazi, na aya ya 11 ya Surat Ash-Shura imekanusha mfano. Hata hivyo, tusijisahau. Ibnul Jawzi (aliyefariki mwaka 597 H.) aliandika kitabu kizima kuwaraddi Waislamu waliomshabihisha Allah na viumbe vyake. Maradhi haya si ya Wakristo peke yao.

Lakini Feuerbach hakukomea hapo. Katika mihadhara aliyoitoa Heidelberg mwaka 1848 na 1849 aliieneza hoja yake kwenye dini kwa jumla. Nasi twasema kuwa Allah ni Mjuzi, Mwenye kurehemu, Mwenye kusikia. Basi aliyemshangilia jana atamjibu nini kijana atakayemuuliza leo: je, sifa hizi nazo si zetu tulizozikuza?

Tunajibu kwa mambo matatu. Kwanza, kukitamani kitu si dalili kwamba hakipo. Mwenye kiu hutamani maji, na kiu yake haiyafanyi maji kuwa ndoto. Feuerbach ameeleza namna moyo unavyotamani. Hakuthibitisha kuwa nje ya moyo hakuna kitu.

Pili, kushirikiana jina hakulazimishi kushirikiana hakika. Twasema mguu wa mtu na mguu wa meza. Ikiwa viumbe viwili hutofautiana hivyo chini ya jina moja, vipi basi Muumba na aliyeumbwa?

Tatu, dalili ya wanavyuoni wa tawhidi, kwamba kila kilichozuka kina aliyekizusha, inaanzia kwenye ulimwengu, haianzii kwenye matamanio. Hoja ya Feuerbach haiigusi. Waliojaribu kuibomoa dalili ya namna hiyo ni Hume, na Kant katika kitabu chake cha mwaka 1781. Huo ni mlango mwingine unaohitaji jibu lake.

Insafu nayo yatutaka tuseme kwamba Wakristo wana majibu yao. Thomas Aquinas (aliyefariki mwaka 1274), aliyesoma vitabu vya Ibn Sina na Ibn Rushd, alifundisha kuwa maneno tunayomsifia Mungu hayabebi maana ileile yanayoibeba kwa viumbe. Anayedai mimbarini kuwa hawana jibu amewadhulumu, na aya ya 8 ya Surat Al-Maida yatuamrisha uadilifu hata kwa tunaochukiana nao.

Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 H.) aliandika Maqasid kueleza rai za wanafalsafa, na Tahafut kuziraddi. Aliwaelewa, ndipo akawajibu. Mwanafunzi wa madrasa asitosheke na jina la mwanafalsafa lililotajwa kwenye kipaza sauti. Aisome hoja, aijue inamgonga nani, kisha ndipo aamue kuitumia au kuijibu.

Wallahu a'lam.