Lotus Elan: Wepesi Ulivyotengenezwa na Deni Lake Gereji

Oktoba 1962, kwenye Maonyesho ya Magari ya Earls Court jijini London, kampuni ndogo ya Lotus ilizindua gari la wazi la viti viwili lililoitwa Elan. Injini yake ilikuwa ya lita moja na nusu hivi, na nguvu zake hazikufika farasi 110. Hata hivyo lilikimbia hadi karibu kilomita 185 kwa saa, na kwenye barabara yenye kona nyingi liliyasumbua magari yenye injini kubwa zaidi na bei kubwa zaidi. Jibu lilikuwa kwenye mizani: gari zima lilikuwa na uzito wa takriban kilo 680.

Wengi hudhani gari jepesi hupatikana kwa kupunguza: toa kiti, toa zulia, tia vioo vyembamba. Njia hiyo ina mwisho, na mwisho wake huwa gari linalolegea na kupiga kelele. Waliounda Elan walifuata njia nyingine. Kila kipande walikipa kazi mbili au tatu, hata vipande vingine vikakosa sababu ya kuwepo. Huo ndio ufundi wenyewe. Na ndiyo sababu Elan humdai fundi umakini mkubwa mpaka leo, maana kipande chenye kazi tatu kikichoka, matatizo matatu hubisha hodi pamoja.

Uti wa mgongo wa bati

Kabla ya Elan, Lotus ilikuwa na Elite, gari lililoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1957. Bodi yake ya faiba ndiyo iliyobeba kila kitu, bila chesisi ya chuma. Lilipendeza kulitazama, lakini lilikuwa ghali mno kulitengeneza. Safari hii Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, alitaka gari lisilo na paa, na hapo shida ikazidi. Ukiondoa paa, bodi hupoteza sehemu kubwa ya ugumu wake, na kila gurudumu likiingia shimoni gari hujipinda. Wakati kazi ya bodi ikiendelea, ikatengenezwa chesisi rahisi ya chuma kwa ajili ya kujaribia mfumo wa springi tu. Chesisi hiyo ya majaribio ilipopimwa ikaonekana ngumu na nyepesi kuliko ilivyotarajiwa. Ikabaki.

Ni bati la chuma lililokunjwa na kuchomelewa likawa sanduku refu jembamba, linalopita katikati ya gari, kati ya dereva na abiria. Mbele sanduku hilo linagawanyika kuikumbatia injini. Nyuma linagawanyika tena kushika difu na shokapu. Ukilitazama kutoka juu ni kama manati mbili zilizounganishwa mipini. Uzito wake ni kilo 34 hivi. Propela inapita ndani yake, kwa hiyo nafasi ambayo kwenye magari mengi ni uwazi wa kupitishia shafti tu, hapa ndiyo inayolibeba gari.

Sanduku lililofungwa pande zote hukataa kupindwa hata kama bati lake ni jembamba. Likipasuka upande mmoja likawa mfereji, hupindika kirahisi. Fundi anayechomelea kiraka kwenye chesisi ya Elan bila kuurudisha ufungaji wote wa sanduku ameficha tundu, hajarudisha nguvu.

Boriti ya mbele, ile inayoshikilia nguzo za shokapu, ni mfano mwingine. Taa kubwa za Elan hulala ndani ya bodi na kuinuka kwa nguvu ya mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Mvuto huo unahitaji tangi la akiba. Lotus hawakuongeza tangi. Waliiziba boriti hiyo, ambayo ni tupu ndani, ikawa tangi lenyewe. Mmiliki akiona taa zinalegea na kushuka polepole, akague mipira ya hewa kwanza. Kama mipira ni mizima, anapaswa kuhofia kutu ndani ya boriti, kwenye kipande kilekile kinachoshikilia magurudumu ya mbele. Taa zimemwambia habari za chesisi.

Bodi ya faiba ilisimamiwa na Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye baadaye alibuni meza ya kazi inayokunjwa, Workmate, inayojulikana duniani kote. Vipande vya chuma vya kupokelea bolti vilizikwa ndani ya faiba wakati wa kuiunda, ili mzigo usambae badala ya kung'ang'ania tundu moja. Faiba haishiki kutu, lakini haipitishi umeme. Kwenye gari la bati, taa hupata ethi kwenye bodi. Kwenye Elan kila taa na kila mota lazima iwe na waya wake wa ethi, na nyingi kati ya hitilafu za umeme za gari hili huishia kwenye kiungo cha ethi kilichochakaa. Anayekimbilia kubadilisha swichi kabla ya kusafisha viungo hivyo anatupa fedha.

Springi laini, gari lisiloyumba

Vijana wengi wakitaka gari likae vizuri barabarani huweka springi ngumu. Elan ilifanya kinyume. Kwa kuwa chesisi haipindiki na gari ni jepesi, springi ziliweza kuwa laini na kuachiwa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Mbele kuna mikono miwili kila upande, na baadhi ya vipuri vyake vilichukuliwa kutoka kwenye magari ya kawaida ya Triumph. Nyuma, springi na shokapu vimeunganishwa kuwa nguzo moja ndefu, na chini kuna mkono mpana wenye umbo la herufi A. Tairi nyembamba za inchi 13 hubaki zimekanyaga lami hata barabara ikiwa mbovu, na usukani, usio na msaada wowote wa mashine, humfikishia dereva kila badiliko la mshiko. Gordon Murray, mbunifu wa McLaren F1, amekiri mara kadhaa kwamba anautamani usukani wa Elan, na kwamba gari lake maarufu halikuufikia.

Kati ya difu na magurudumu ya nyuma kuna viungo vinne vinene vya mpira, viwili kila upande. Mpira huo unapinda gurudumu linapopanda na kushuka, unajinyoosha shafti inapohitaji kurefuka, na unapunguza mshtuko dereva anapoachia klachi. Kazi tatu, kipande kimoja, hakuna grisi. Deni lake ni kwamba mpira hujikunja kabla ya kusukuma, kwa hiyo mguu usio na adabu kwenye mafuta hulifanya gari liruke-ruke linapoondoka. Na mpira huzeeka. Kiungo kikikatika gari likiwa kasi, shafti hubaki ikizunguka huru na kupiga chochote kilicho karibu. Kila mmiliki aingie chini ya gari na tochi, aupinde mpira kwa mkono na kutafuta nyufa pale unaposhikana na chuma. Ufa ukionekana, gari lisitoke.

Kichwa kipya juu ya bloku ya kawaida

Lotus haikuwa na fedha za kuunda injini nzima. Ilichukua bloku ya chuma ya Ford yenye bearingi tano za krankshafti, ikamwomba Harry Mundy, mhandisi aliyekuwa mhariri wa ufundi wa jarida la The Autocar, achore silinda hedi ya aluminiamu yenye kamshafti mbili. Magari machache ya kwanza yalikuwa na sentimita za ujazo 1,498. Baadaye ikawa 1,558, yenye farasi 105. Mei 1962, kabla Elan haijazinduliwa, dereva wa mashindano Jim Clark aliitumia injini hii ndani ya gari la Lotus 23 huko Nürburgring. Akayaongoza magari makubwa ya Ferrari na Porsche kwenye mvua, mpaka hitilafu ya ekzosi ilipommaliza.

Afrika Mashariki tuna undugu na bloku hiyo. Mwaka 1964 Peter Hughes na Billy Young walishinda East African Safari kwa Ford Cortina GT, na injini ya Cortina ile ilitoka kwenye ukoo huohuo wa Ford wa sentimita 1,498. Chuma kilichovumilia vumbi na matope ya Safari ndicho kilichobeba kichwa cha Mundy.

Deni la injini hii liko kwenye wota pampu. Ili kuokoa nafasi na uzito, pampu ilijengwa ndani ya kifuniko cha mbele kinachofunika cheni ya taimingi. Kifuniko hicho kimebanwa kati ya bloku, silinda hedi na sampu. Kwa hiyo bearingi ndogo ya pampu ikifa, fundi anashusha sampu, anainua silinda hedi, anafungua cheni, ndipo anaifikia. Kazi ya saa moja kwenye gari jingine, hapa ni kufumua nusu ya injini. Chanzo cha kawaida cha kifo cha bearingi hiyo ni feni belti iliyokazwa kupita kiasi. Matone ya maji chini ya puli ndiyo onyo la kwanza. Siku hizi kuna vifuniko vyenye pampu inayochomolewa kwa mbele, na anayefumua injini kwa sababu yoyote ile afunge hicho, isipokuwa kama analihifadhi gari kwa uasilia wake wote.

Kabureta mbili za Weber nazo zina somo. Hazikazwi zikagandamana na silinda hedi. Zinakaa juu ya pete za mpira, na chini ya nati zake kuna washa za springi zinazoachwa na uwazi mdogo, ili mtikisiko wa injini usifike kwenye bakuli la petroli. Fundi asiyejua huona kabureta inacheza kidogo, akachukua spana akaikaza. Petroli inaanza kutoa povu, mchanganyiko unaharibika, injini inakohoa kwenye mizunguko ya juu, na siku nzima inapotea kwa kubadilisha plagi zisizo na kosa.

Kwenye mashindano

Kati ya 1964 na 1966 Lotus ilitengeneza toleo la mashindano lililoitwa 26R, idadi yake haikufika 100. Bodi ilikuwa nyembamba zaidi, na uzito ukashuka hadi kilo 600 hivi. Kinachofundisha zaidi ni pale walipoongeza chuma: chesisi ilitiwa vipande vya nyongeza sehemu zinazoshika mzigo wa magurudumu, na shafti za nyuma zikawa za kuteleza zenye viungo vya chuma badala ya mpira mtupu. Waunda gari wenyewe walijua mpaka wa kazi nyingi kwenye kipande kimoja. Kilichotosha barabarani hakikutosha kwa tairi za mashindano na mguu wa dereva kama Jackie Stewart.

Anayeliandaa Elan kwa mashindano ya magari ya zamani leo afuate mpangilio huo. Aanze na chesisi: aivue bodi, asafishe nguzo za mbele mpaka chuma kitupu, atafute nyufa. Zipo chesisi mpya zilizochovywa zinki, na iliyooza ni afadhali ibadilishwe kuliko kutiwa viraka. Zifuate shafti, breki na magurudumu. Injini iwe ya mwisho, na mafuta yasikimbie sampu kwenye kona ndefu, maana bearingi za krankshafti hufa kwa sekunde chache za ukavu. Kanuni za kimataifa za mashindano haya zinataka gari libaki na ufundi wa enzi zake, kwa hiyo kila badiliko lithibitishwe kwa kumbukumbu za wakati ule.

Mazda walipoonyesha MX-5 huko Chicago mwaka 1989, walikuwa wameichunguza Elan kwa makini. Gari hilo likapendwa kote duniani, lakini hata nalo lilikuwa zito kuliko Elan kwa zaidi ya kilo 200. Hakuna aliyerahisisha hesabu ya Chapman na Hickman tangu hapo.

Hukumu yangu ni hii: Elan ni gari lililofikiriwa vizuri kuliko magari mengi yaliyolifuata, na si gari dhaifu kama wasemavyo waliolipuuza. Linataka mmiliki anayekagua kabla ya kuendesha na fundi anayeuliza kipande hiki kinafanya kazi ngapi kabla ya kukifungua. Kama huna muda wa hayo, nunua gari jingine. Kama unao, anza leo kwa kukagua boriti ya mbele.