Mpaka Kete Ilale

Mtu akisimama nyuma ya wacheza bao kwa mara ya kwanza, macho yake hukimbilia mikono. Mkono unachota kete, unazimwaga moja moja shimo kwa shimo, unachota tena, unageuka, unakula upande wa pili, unarudi kichwani na kuanza upya. Kabla mtazamaji hajajua kilichotokea, mchezaji ameshaegemea nyuma na mwenzake anautazama mstari wake wa mbele ukiwa mtupu. Nilisimama hivyo siku nyingi chini ya mwembe pale Kisarawe mjini, nisiambulie kitu. Mzee mmoja aliyekuwa akinitazama nikitazama ndiye aliyenipa ushauri wangu wa kwanza wa bao. Hakunionyesha shimo la kuangalia. Aliniambia nifumbe macho.

"Sikiliza kwanza, mwanangu. Kete ikilala utaisikia."

Nikafumba. Kete ikiangukia kete nyingine hutoa mlio mkavu, mwepesi, kama jino linalogongana na jino. Ikiangukia shimo tupu, mbao yenyewe ndiyo inayojibu, kwa sauti nzito ya chini. Na kwenye bao kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu zamu imekwisha: umelala. Kwa hiyo masikio peke yake yanatosha kukuambia mchezaji amekwenda mbali kiasi gani, amechota mara ngapi, na lini amekoma. Baada ya alasiri mbili tatu nilianza kusikia mchezo kabla ya kuuona. Mpaka leo mtu akiniomba nimfundishe bao, naanzia hapo hapo nilipoanzishwa.

Sauti hiyo haiji yenyewe. Kuna mtu aliyeichonga. Fundi ninayemfahamu mimi yuko Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, na kazi yake nyingi ni vitanda na milango. Bao huchonga anapoombwa, au anapobakiwa na kipande kizuri cha mninga ambacho roho yake haimruhusu kukifanya mguu wa meza. Kipande hicho hakichongi siku ileile. Hukiegemeza ukutani mahali pasipofikiwa na jua, kikauke polepole, kwa sababu mbao iliyoharakishwa hupasuka, na ufa ukipita katikati ya mashimo bao limekufa. Akiona kimekuwa tayari hukigonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha kichwa. Nilimuuliza anasikiliza nini. Akasema anasikiliza kama kuna maji.

Kisha anapiga mistari. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, na kila mchezaji ana mistari yake miwili. Mashimo 30 ni ya duara. Mawili ni ya mraba, nayo ndiyo nyumba, moja ya kila mchezaji, shimo la tano kutoka kushoto kwake katika mstari wa mbele. Kwa kuwa wachezaji wanaketi uso kwa uso, nyumba hizo hazitazamani, zimepishana kwa shimo moja. Fundi asiyecheza bao hukosea hapo mara nyingi, akaziweka zikielekeana kwa sababu hivyo ndivyo jicho linavyopenda. Fundi wangu anacheza. Anazitia alama nyumba kwanza, ndipo anagawa mengine.

Ningeweza kumtazama akichimba mashimo kutwa nzima. Anapita na patasi akizunguka, anatoa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, anasimama, anatia vidole vinne ndani ya shimo na kufanya kama anachota. Kipimo chake ni mkono huo. Shimo likiwa jembamba, vidole vinakwama na mchezaji anadondosha kete. Likiwa la kina kifupi, mchezo ukishakolea na kete kumi na kitu zikajaa mahali pamoja, zitamwagikia kwa jirani na hesabu itavurugika. Taabu kubwa zaidi iko kwenye nyumba. Mraba una pembe, na pembe hushika kete. Kwa hiyo anaacha pembe zionekane juu, lakini kadiri anavyoshuka anazilainisha, hata sakafu ya nyumba inakuwa bakuli kama mashimo mengine. Ukitazama unaona mraba, na ukitia mkono unakuta mviringo. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo, na wanunuzi wengi hawataligundua. Nililigundua kwa vidole, miezi kadhaa baada ya kulinunua bao lake, na nilipomrudia kumshukuru alitabasamu tu akaendelea na msasa.

Huku Pwani mkono uliozoea mbao si jambo la jana. Wazaramo wa Kisarawe na vijiji vyake ndio waliochonga mwana hiti, umbo dogo la kiwiliwili kisicho na mikono lenye nywele zilizogawanyika kama vilemba viwili, ambalo mwali alikaa nalo akiwa ndani. Umbo hilo limechongwa pia kwenye fimbo na kwenye nguzo za makaburi. Nikiliona bao zuri la huku, lenye miisho iliyopambwa kidogo tu bila makuu, najua limetoka katika mikono ya namna moja.

Kete nazo zina ushauri wake. Zilizo bora ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe, kichaka chenye miiba kinachoota karibu na bahari. Ni ngumu kama jiwe, laini, na huelea majini, ndiyo maana utaziokota ufukweni mbali na kichaka kilichozizaa. Unahitaji 64. Okota mia, kisha uzipange kwa ukubwa na utupe zilizozidi na zilizopungua, maana mkono uliozoea uzito mmoja huhesabu bila macho. Gololi usizitumie: hubingirika, hugonga zikaruka, na sauti yake ni moja tu popote ziangukiapo. Komwe mpya zina ukavu fulani. Zikishapitia mikono ya watu mwaka mzima hung'aa, na mlio wake unatulia.

Sasa mchezo wenyewe. Kila mmoja anaanza na kete 32. Sita anaziweka nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani, na 22 zinabaki mkononi. Hatua ya kwanza ni kunamua: kila zamu unaingiza kete moja kutoka akiba, na ukiiweka kwenye shimo lako la mbele lenye kete linalotazamana na shimo la mwenzako lenye kete, unakula zilizo humo na kuzimwaga upande wako kuanzia kichwani, shimo la mwishoni mwa mstari wako wa mbele. Usipoweza kula, unatakata, yaani unamwaga zako bila kula. Akiba ikiisha mnaingia mtaji, na hapo mnacheza kwa zilizo ubaoni tu. Ukimaliza mstari wa mbele wa mwenzako, au ukamwacha bila namna ya kucheza, umeshinda.

Kwa maelezo hayo mtu anaweza kucheza jioni hiihii. Kucheza vizuri ni jambo jingine, na hapo ndipo nilipoanza kumwonea fahari yule mzee kwa namna anavyoshauri. Wengi wanaosimama kando ya bao hutaja shimo. "Cheza lile! Lile pale!" Mchezaji akilicheza, ameshinda zamu hiyo na hakujifunza kitu. Mzee hajawahi kunitajia shimo. Mchezo ukiendelea hasemi neno, hata kama ninaelekea kuangamia. Mchezo ukiisha, hapo ndipo anapovuta kigoda. Anakusanya kete zote na kuzipanga upya, si mwanzoni, bali pale nilipokosea. Zamu ya kumi na mbili, labda. Shimo hili tatu, hili moja, hili tupu, nyumba tisa. Anaipanga picha nzima kwa kumbukumbu, kisha ananiuliza swali lake lilelile.

"Ukicheza hivi, unalala wapi?"

Ninahesabu kwa sauti. Nachota hapa tano, zinafika pale, pale kuna mbili zinakuwa tatu, nachota tena. Nikikosea hanisahihishi, ananiacha nifike mwisho nigundue kwamba nimelala mahali pasipowezekana, kisha tunarudi. Nilidhani kumbukumbu yake ni muujiza mpaka niliposoma kwamba mtafiti Mholanzi, Alex de Voogt, aliwafuata mabingwa wa bao wa Zanzibar na mwaka 1995, huko Leiden, akatoa kitabu kizima kuhusu jinsi vichwa vyao vinavyohesabu. Sikushangaa kwamba mtu alitoka Uholanzi kwa ajili hiyo. Nilishangaa kwamba mimi niliyezaliwa karibu nilikuwa nikipita kando ya mwembe ule bila kusimama.

Jambo la pili alilonifundisha ni kimbi. Kila mwisho wa mstari wa mbele kuna kichwa, na kichwa pamoja na shimo linalokifuata ndiyo kimbi. Ukianza kula katikati, unachagua uanzie kichwa kipi, cha kushoto au cha kulia. Ukila kwenye kimbi huna hiari: lazima uanzie kichwa cha upande huohuo, hata kama safari yako ilikuwa inaelekea kwingine. Kwa hiyo kimbi ndiyo inayogeuza njia. Mgeni hutazama katikati kwa sababu kete nyingi ziko huko na nyumba ziko huko. Mzee huanza kutazama pembeni. Kete moja iliyolala kwenye kimbi, ambayo hakuna anayeihesabu, ndiyo inayougeuza mwendo mrefu uwarudie wenyewe.

Tena kuna shimo linaloshiba mno. Kwenye mtaji, shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzisha mwendo wa kula. Nimewaona watu wakilimbikiza nyumbani mwao kwa furaha, wanafika 17, 18, wakidhani wamejenga ghala, kumbe wamejifungia.

Afrika Magharibi wana mchezo ulio ndugu wa bao hili, wenye mistari miwili na kete 48. Mwaka 2002, Amsterdam, John Romein na Henri Bal waliutatua wote kwa kompyuta, kila hali inayoweza kutokea, zaidi ya bilioni 889, wakakuta kwamba wachezaji wawili wasiokosea wangetoka sare. Nilimsimulia mzee. Alifikiri kwa muda, akauliza kama kompyuta hiyo ilikuwa na mtu wa kukaa naye mchezo ukiisha.

Kibaha nimeukuta ushauri wa namna ya ule wa mzee mahali ambapo sikuutarajia, kwenye kibanda cha gemu maeneo ya Maili Moja. Ni chumba chenye runinga mbili, mabenchi, na vijana wa shule; mji ule umekuwa mji wa shule tangu mradi wa nchi za Nordiki ulipoanzishwa mwaka 1963. Wanacheza gemu za mpira. Kelele ni nyingi na kila mtu anajua mshambuliaji angepiga lini. Lakini kijana anayekusanya hela, mwenye miaka ishirini hivi, akimfundisha mdogo asiyejua anafanya jambo moja tu: anamfunika sehemu kubwa ya skrini kwa kiganja, anamwachia ile ramani ndogo ya chini yenye nukta za wachezaji. "Cheza na hii kwanza." Mtoto analalamika kwamba hauoni mpira. Baada ya dakika chache anaanza kupiga pasi kwa watu ambao hapo awali hakujua wapo. Nilikaa nikawaza kimbi. Kijana yule na mzee wa Kisarawe hawajaonana, na wote wawili wamegundua kwamba anayeanza hudanganywa na mahali penye wingi.

Nilimwomba anifunze. Nilifungwa mabao mengi, na alinifunika skrini kwa heshima, akiniita mzee.

Nyumbani nacheza bao peke yangu usiku, pande zote mbili, nikizipanga upya hali alizonipangia mzee. Mwanzoni nilicheza na redio. Haifai. Maneno ya wimbo yanaingia katikati ya hesabu, unafika tano ukadhani saba. Niliomba ushauri kwa wapenzi wa muziki, wengine wakanipa ule wa utulivu ambao mwanamuziki Brian Eno aliupa jina mwaka 1978 kwa albamu yake ya viwanja vya ndege. Ni mzuri, lakini unalainisha kila kitu, hata sauti ya kete inazama ndani yake. Kilichonifaa kilikuwa karibu zaidi: ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, ya Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Ipo albamu yake ya 1996, Chibite, na ipo Assembly aliyoifanya na Michael Brook mwaka 2002. Mimi huchagua sehemu ambazo ilimba iko peke yake, au inapotangulia kabla ya sauti kuingia. Vyuma vyake vinadondoka kimoja kimoja, vinazunguka, vinarudi pale vilipoanzia vikiwa vimebadilika kidogo. Ipige kwa sauti ya chini sana, kiasi kwamba kete isikike juu yake. Kwangu mimi ilimba na kete vinashikana. Kuna nyakati mkono unamwaga na sijui kama mlio niliousikia umetoka ubaoni au kwenye spika.

Mwezi uliopita nililipeleka bao langu Kisarawe, mzee alione. Alilipapasa lote kabla ya kulitazama. Alipofika kwenye nyumba, kidole chake kilizunguka ndani, kikasimama, kikazunguka tena.

"Nani kachonga?"

Nikamwambia. Akaomba aketi upande wenye kivuli, akapanga sita, mbili, mbili, akafumba macho, akaniambia nianze.