Nani Kayaua Masega?

Gari la dada yangu lilipita mikononi mwa mafundi watatu kabla halijafika kwa Mzee. Wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Wa pili akasema ni pampu ya mafuta, akaleta nyingine, gari likatoka vilevile lilivyoingia. Wa tatu hakufungua hata boneti. Alilala chini, akaligonga bomba mara mbili kwa spana, akainuka akijipangusa magoti. "Masega yameziba, bosi. Tunakata, tunatoa, tunachomelea. Saa moja tu. Na masega yenyewe nitayanunua mimi, nakupunguzia kwenye ufundi."

Huyo wa tatu, niseme mapema, alikuwa amepatia. Masega yalikuwa yameziba kweli. Lakini alipatia kama mwanafunzi aliyechungulia jibu nyuma ya kitabu, na gari lingeondoka kwake likiwa limebeba ugonjwa uleule.

Gereji ya Mzee iko uani, Kinondoni, chini ya mkungu. Haina kibao. Ina shimo moja la saruji, benchi, na sanduku la spana ambazo kila jioni hufutwa na kurudishwa kwa namba zake. Nilimpa shikamoo, nikaanza kueleza, naye akaniacha nimalize, jambo ambalo wale watatu hawakunipa. Kisha akauliza maswali matatu tu. Gari linawaka vizuri asubuhi? Nguvu inakatika ghafla, au inaisha polepole kadiri unavyokanyaga? Na ile taa ya injini kwenye dashibodi, iliwaka ikatulia au iliwaka ikawa inapepesa?

Nikamjibu. Linawaka bila shida. Mtaani linakwenda. Ukifika barabara kubwa ukataka kupita 60 ni kama kuna mtu amelishika kwa nyuma, na kwenye vilima vya Kimara malori ya mchanga yanatupita yakipiga honi. Kuhusu taa sikuwa na jibu. Ikabidi nimpigie dada. Iliwahi kupepesa, akasema, miezi kama miwili nyuma. Akaenda mahali wakachomeka mashine, wakaifuta, ikazimika.

"Wakaifuta," alirudia Mzee, wala hakusema zaidi.

Alianzia nyuma ya gari. Alichuchumaa, akaweka kiganja karibu na mdomo wa bomba, akamwambia kijana wake apige resi taratibu. Bomba zima hutoa mapigo. Unayasikia mkononi moja moja, na resi ikipanda yanaungana kuwa upepo wa kusukuma. Hili letu lilikuwa likitoa pumzi laini isiyoongezeka. Mzee aliinuka, akaenda mbele kufungua boksi la filta ya hewa. Injini inaweza kunyongwa mdomoni au mkiani, na dalili zinafanana. Filta ilikuwa safi. Akairudisha, akafunga klipu zake zote nne. (Nimeona gereji nyingi ambazo klipu moja ikikataa huachwa.)

Hapa inafaa tuseme masega ni kitu gani, maana jina hili mafundi wa Bongo wamelitunga vizuri kuliko Wazungu walivyokiita kifaa chenyewe. Ndani ya lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi kuna gogo la kauri lililotobolewa vijia vyembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Litazame usoni, ni sega la nyuki lenye vyumba vya pembe nne. Katika sentimeta moja ya mraba kuna vijia karibu 60, na ukuta kati ya kijia na kijia ni kama sehemu ya sita ya milimita. Kuta hizo zimepakwa gramu chache za platinamu, paladi na rodi. Moshi ukipita hapo, joto likishafika nyuzi 300 hivi, kaboni monoksaidi inayoua watu gerejini hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi, mafuta yaliyobaki bila kuungua hugeuka maji na kaboni dayoksaidi, na oksaidi za naitrojeni huvunjwa zikawa naitrojeni, hewa ileile tunayovuta kila siku. Madini yenyewe hayaliki. Yanasuluhisha tu, kama mshenga.

Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1956, lakini kikakosa kazi kwa miaka mingi, kwa sababu petroli ya wakati huo ilitiwa risasi na risasi huyafunika yale madini. Marekani masega yalienea kwenye magari ya mwaka 1975. Kwetu, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006. Kwa hiyo Mzee, aliyeanza kushika spana katika enzi ya kabureta, amekutana na masega akiwa mtu mzima. Alijifunza kwa kuyapasua mabovu.

Sasa tuje kwenye geji ya Mzee.

Ni geji ya vakyumu, duara la ukubwa wa kisosi, kioo chake kina ufa, na Mzee huitunza ndani ya soksi. Alichomoa mpira mmoja mwembamba kwenye manifodi ya hewa, akachomeka geji, akaning'iniza kwenye kamba ya boneti ili asiwe na haja ya kuishika. Injini ikawashwa, ikaachwa ipate joto. Hakuitazama geji. Alikaa kwenye ndoo, akanywa chai. Dakika 10 zilipita namna hiyo, na mimi, niliyezoea mafundi wa haraka, nikaanza kuangalia saa.

Injini ni pampu. Pistoni zikishuka zinavuta, na geji hupima ule mvuto kwa inchi za zebaki. Hapa Dar, usawa wa bahari, injini nzima ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, huonyesha kati ya 17 na 21, na mshale husimama kimya. Ukienda Nairobi, karibu mita 1,800 juu, injini hiyohiyo nzima itakuonyesha 14 au pungufu, kwa kuwa hewa yenyewe huko ni nyepesi. Fundi asiyejua hilo atafungua injini isiyo na kosa. Mshale ukitulia lakini chini ya kawaida, huenda taiming imechelewa. Ukitetemeka upesi upesi, tazama gaidi za valvu. Ukidondoka mara kwa mara kwa mpigo uleule, kuna silinda moja haifanyi kazi yake. Kompyuta ya gari itakupa namba, lakini namba ni malalamiko ya sensa moja. Mshale huu unazungumza kwa niaba ya injini nzima, na anayeujua huusoma kama mganga wa zamani alivyosoma mpigo wa mkono.

Mzee aliinuka, akavaa miwani. Mshale ulikuwa kwenye 18. Si vibaya. Ila ulikuwa ukidondoka kidogo, ukirudi, ukidondoka, ukirudi. Alinyoosha kidole pale bila kusema kitu, na nikaona amekihifadhi kichwani.

Kisha akamwambia kijana apandishe resi hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na aishikilie hapohapo. Hili ndilo jaribio lenyewe, na uzuri wake wote uko kwenye kushikilia. Mtu mwenye pupa hupiga resi, akaachia, akasema geji iko sawa. Injini yenye njia wazi, ukiishikilia 2,500, mshale hukaa pale ulipokuwa au hupanda kidogo. Mshale wetu ulipanda hadi 19 na nikadhani tumepona. Baada ya sekunde kadhaa ulianza kushuka. 17. 15. Mguu wa kijana haukusogea. 12. Moshi ulikuwa unarundikana nyuma ya kizuizi, silinda zinashindwa kutoa pumzi chafu, na asiyetoa pumzi hawezi kuvuta nyingine. Ulipofika 9 Mzee aliinua mkono, kijana akaachia.

"Unaona?" aliniambia. "Kwanza linajikaza. Halafu linachoka."

Nilidhani sasa atachukua grenda. Akachukua chupa ya oili ya kulegeza kutu, akapulizia kwenye nati ya sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, akarudi kwenye ndoo yake. Sensa ile huwa imeokwa na moto kwa miaka. Ukiilazimisha inatoka na nyuzi za tundu lake, na hapo umejizalia kazi nyingine. Ilipolegea, akaitoa kwa spana ya 22, na kwenye tundu lile akafunga geji ya pili, ya presha, inayosoma kwa kipimo kilekile tunachojazia upepo matairi. Kwenye sailensa bomba zuri halifiki hata 1.5. Resi ikiwa 2,500 halitakiwi kupita 3. Letu lilisoma 8. Kwa tairi 8 ni pancha. Kwa bomba la moshi ni ukuta.

Kwa nini upime tena kitu ulichokwisha kukiona? Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema geji ya kwanza imemwambia kuna kizibo, haikumwambia kiko wapi. Bomba lenye kuta mbili linaweza kubonyea kwa ndani huku nje likionekana zima. Sahani za ndani ya kopo la kupunguza sauti, kule nyuma, zinaweza kung'oka zikaziba njia. Alilegeza bolti za maungio ya nyuma ya masega, akapima upya: bado 8. Kizibo kilikuwa katikati ya sensa na maungio, na hapo katikati hapana kingine ila masega.

Bado hakuyatoa. "Masega hayajiui," alisema. "Tumtafute aliyeyaua kwanza, mwanangu. Nikikufungia mengine leo bila kumjua, ataua na hayo."

Wauaji si wengi. Injini inayokula oili hupeleka majivu yake kwenye vile vijia mwaka baada ya mwaka. Gasketi ya kichwa ikivuja, maji ya rejeta hufika huko na kemikali zake. Jiwe la barabarani huivunja kauri, ambayo ni tete kama kikombe. Lakini anayeua haraka kuliko wote ni silinda inayomisi. Mafuta yake huingia, hayaungui, hutoka mabichi, yakafika kwenye masega yanayowaka joto na kuungulia humo. Kauri ile huyeyuka ikipita nyuzi 1,400, na petroli mbichi inaweza kuifikisha huko. Taa ya injini inayopepesa, tofauti na inayowaka ikatulia, ina maana hiyo hasa: injini inamisi kiasi cha kuyaharibu masega sasa hivi. Gari lilikuwa limepiga kelele, na mtu akaifuta kelele.

Alichomoa koili moja moja injini ikiwa kwenye sailensa. Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, haikujali. Akaibadilisha koili hiyo na ya kwanza, ubovu ukahamia silinda ya kwanza. Mshale wa vakyumu ulikuwa umeshamdokeza tangu asubuhi. Koili hiyo haikuwahi kupimwa na yule aliyebadilisha plagi zote nne.

Masega yalipotoka, kijana akafunga kitambaa puani na kulowesha benchi, kwa sababu vumbi la kauri ile si la kuvuta. Mzee aliyaelekeza kwenye jua. Kopo zima hupitisha mwanga, unaona nukta maelfu. Letu lilipitisha kwenye ukingo mmoja tu, kama dirisha la choo. Uso wake wa mbele ulikuwa umeyeyuka ukaganda, unang'aa, kama sukari guru iliyomwagika mekoni. Nikauliza juu ya zile dawa za kumimina kwenye tanki, na ule ushauri wa kulikimbiza gari Chalinze na kurudi. Masizi huweza kuondoka hivyo, akajibu. Kilichoyeyuka hakiyeyuki kurudi.

Kuna jambo ambalo mafundi hulisema kwa sauti ya chini. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodi ilipita dola 20,000 za Marekani, wakati dhahabu haikufika 2,000. Bei imeshuka tangu hapo, lakini wanunuzi wa masega bado wanapita gerejini na mizani, na ndiyo maana magari mengi mjini yanapatikana na "masega yaliyoziba" ambayo hayakuwa yameziba. Bomba tupu huvuta, mteja hufurahi, kisha taa ya injini huwaka kwa sababu sensa ya nyuma inaona moshi uleule unaoonwa na sensa ya mbele, na sisi tuliokaa foleni ya Ubungo vioo vikiwa wazi tunapokea kilichobaki.

Mzee aliyaweka masega ya dada kwenye kiroba, akakifunga kamba, akakitia kwenye buti la gari kabla hatujaongea habari ya malipo.

Mengine tuliyapata Gerezani, ya mtumba wa Japani. Aliyakataa mawili: moja lilicheza ndani alipoligonga kwa kiganja, la pili lilikuwa na weusi wa oili mdomoni. La tatu aliliinua juani kwa muda mrefu hadi muuzaji akaanza kuhudumia watu wengine. Koili tulinunua mpya.

Ilikuwa karibu magharibi alipomaliza kukaza bolti, gasketi mpya, sensa mahali pake. Nilikuwa na hamu ya kulipeleka Kimara. Yeye akairudisha geji kwenye mpira wake, akawasha, akaketi kwenye ndoo kungoja injini ipate joto. Mshale ukasimama 19, kimya. Kijana akashikilia 2,500. Tulitazama wote watatu. 20. 20. 21. Mzee hakumwambia aachie. Alimwacha hapo dakika nzima, kisha nyingine, macho kwenye ule ufa wa kioo, wakati adhana ikianza mtaa wa pili.

Halafu alichukua daftari la shule kutoka kwenye sanduku, akaandika namba ya gari, tarehe, 19 na 21, akanipa kiroba kingine kilichokuwa kimesahaulika juu ya benchi, chenye ile koili mbovu. "Rudi baada ya wiki mbili," alisema. "Nisome tena."