Bakajani "Chelewa": Istilahi za Kilimo Katika Programu za Simu

Istilahi iliyomo kitabuni humfikia mwanafunzi akiwa na mwalimu wake. Istilahi iliyomo katika programu ya simu ya mkononi humfikia mtu aliye peke yake bustanini. Hapana bwana shamba wa kumfafanulia. Kwa hiyo, anayebuni programu ya kumsaidia mkulima anayeanza hana budi kuzipima istilahi zake kwa kipimo kikali kuliko kile tulichokizoea.

Mfano mwema tunao. Programu iitwayo Nuru, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, ilimwezesha mkulima kuelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo na kuambiwa ugonjwa wake, hata pasipo intaneti. Kwa upande wa istilahi, kazi hiyo ilikuta njia imekwisha kufyekwa. Batobato na michirizi kahawia ni majina yaliyotokana na kile kinachoonekana kwa macho. Anayeyasikia mara ya kwanza hujua la kutafuta.

Katika bustani ya nyanya mambo ni mengine. Vitabu vyetu vina bakajani tangulia na bakajani chelewa, istilahi zilizofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Tumfikirie mwalimu aliyehamia Nanganga, penye njia panda ya kwendea Ruangwa na Nachingwea, ambaye amepanda matuta mawili ya nyanya. Mimea imekwisha kuzaa, na majani ya chini yameingia mabaka. Programu ikimtaka achague kati ya majina hayo mawili, atachagua "chelewa", maana ugonjwa umekuja mwishoni. Naye atakuwa amekosea. Mabaka yenye duara ndani ya duara, yanayoanzia majani ya chini wakati wa joto, ni dalili ya "tangulia". "Chelewa" hupenda ubaridi na unyevu, huanza kwa mabaka kama yaliyoloa maji, na huweza kuua hata miche michanga. Neno limempotosha, na hasara ni fedha yake na mavuno yake.

Yawezekana kusemwa kwamba picha zatosha. Hazitoshi: jina ndilo mtu atakalokwenda nalo dukani. Vivyo hivyo, agizo la "piga dawa" halifai kitu. Kiuatilifu ni istilahi sahihi, lakini hukusanya sumu za namna nyingi. Mkulima anayeanza aambiwe waziwazi kama ni dawa ya wadudu au dawa ya ukungu.

Wakulima wa korosho wa wilaya hizo wanao mfano wa kufuatwa: ubwiriunga, ugonjwa unaofunika maua na majani machanga kama unga. Kwa kuufuata, tunapendekeza bakajani pete badala ya bakajani tangulia, na bakajani maji badala ya bakajani chelewa. Majina ya zamani yabaki katika faharasa, ili waliokwisha kuyazoea wasipotee.

Juu ya yote, kabla ya kuisanifu istilahi ya namna hii, asomewe mtu asiyepata kulima, kisha aulizwe: "Ukiingia bustanini, utatafuta nini?" Akishindwa kujibu, kazi yetu haijakwisha.