Sindano Kwenye Seng'enge

Kazi yenyewe iko Ngara, hatua chache kutoka steji, kwenye uzio wa seng'enge. Nilipita mara mbili bila kuiona. Mara ya tatu mvua ilinisimamisha.

Aliyeishona ni binti wa Lamu, mshonaji wa kofia za vito, aliyehamia Nairobi majuzi. Kofia ya vito yaweza kula miezi, na uhodari wake uko kwenye matundu: uzi huzungushwa ukingo wa kila kitundu, nakshi ikatokea pale pasipo na kitu. Huku mjini amefanya kinyume. Seng'enge imekuja na matundu yake tayari, naye ameyaziba karibu yote kwa sufu nyekundu na kijani, herufi nene kama za ubavuni mwa matatu. Jamani, matatu tunazo! Herufi hizo zimeninyima mshonaji mwenyewe.

Lakini hebu tazama chini, kona ya kushoto, karibu na mtaro. Hapo ameyaacha matundu wazi, akayazungushia uzi mweupe tu, na ndani ya kila moja mji unapita: gurudumu, soli ya kiatu, gunia la sukuma wiki. Nilichutama hapo mpaka konda akaniuliza kama nimeangusha pesa.

Mamangu alishona kofia hizi hadi macho yakamchoka, na waliozivaa hawakumjua. Binti huyu naye hajatia jina. Uzi wa pembeni umeshaanza kufumuka. Kuna mtu ameufunga kwa kamba ya gunia.